Madoa Meupe

Ng'ombe yule alikuwa wa kisasa, mweusi mwenye madoa meupe. Mjomba alimnunua kwa fedha ya machungwa, mwaka ambao michungwa ya Muheza ilizaa hadi matawi yakaegemezwa nguzo. Maziwa yake yalikwenda mjini kila alfajiri kwa baiskeli. Kisha kikaja kiangazi kirefu. Nyasi zilipokwisha bondeni, akaanza kula kile ambacho ng'ombe mwenye shibe hukipita bila kukigusa: lantana, kichaka kinachozingira mashamba yetu, chenye maua ya njano na ya waridi kwenye shada moja.

Wiki haikuisha, ngozi yake ikaanza kuiva. Haikuiva yote. Iliiva penye madoa meupe tu. Hapo ilivimba, ikapasuka, ikabanduka kama ganda la muhogo uliochomwa. Na palipokuwa peusi, upana wa kidole kando yake, manyoya yalilala laini yaking'aa, kama ya mnyama mwingine kabisa. Majirani walisema kuna mtu kammwagia maji ya moto usiku. Mjomba aliliamini jambo hilo kwa siku mbili, na kwa siku mbili hakuitika salamu ya jirani mmoja. Siku ya tatu akaja bwana mifugo. Alimfunua ng'ombe kope, akatuonyesha macho yalivyogeuka manjano, akatembea hadi uani, akarudi na tawi la lantana mkononi.

"Huyu ini lake limeumia," alimwambia mjomba. "Mtoe juani. Leo hii, usingoje kesho."

Mjomba aliuliza ini na jua vinakutana wapi. Bwana mifugo alikuwa na ng'ombe wengine wa kuwaona. Alipanda baiskeli yake akaenda. Swali likabaki kwetu. Mimi nililibeba hadi utu uzima, na nilipolipata jibu lake lilinifikisha mahali nisipopatazamia: kwenye wodi za saratani.

Jibu linaanzia kwenye rangi ya kijani. Umbijani, rangi hiyo ya majani, hunasa mwanga. Hiyo ndiyo kazi uliyoumbiwa. Ndani ya jani, nishati iliyonaswa ina njia ya kupita na shughuli ya kufanya, kupasua maji na kujenga sukari, na jani lina rangi nyingine, za jamii ya ile ya karoti, zinazolikinga jua linapozidi. Ng'ombe akila jani, vijidudu vya tumboni mwake huubomoa umbijani na kubakiza kipande kiitwacho filoeritrini. Kipande hiki kimepoteza kazi lakini hakikupoteza tabia: bado hunasa mwanga. Ini zima hukichuja na kukitia kwenye nyongo, kikatoka na samadi, na hakuna ajuaye kwamba kilipita. Sumu ya lantana huliumiza ini na kuziba njia ya nyongo. Filoeritrini ikarudi kwenye damu, ikasambaa hadi ngozini, na pale ambapo hapakuwa na weusi wa kuizuia nuru, jua likaikuta. Ikanasa nishati kama ilivyozoea. Ila sasa hapakuwa na sukari ya kujenga.

Waliomtambua mchomaji huyu walikuwa Claude Rimington na J. I. Quin, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Onderstepoort karibu na Pretoria, miaka ya 1930. Walikuwa wakihangaika na kondoo wa nyanda kavu za Karoo waliokuwa wakivimba vichwa na kugeuka manjano, maradhi ambayo Makaburu waliyaita geeldikkop, yaani kichwa kinene cha njano. Kondoo wale na ng'ombe wa mjomba waliungua kwa moto mmoja.

Kwamba mwanga na rangi vikikutana vinaweza kuua, hilo lilishajulikana huko Munich mwanzoni mwa karne hiyo. Mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab, alikuwa akipima muda ambao viumbe wadogo wa majini, paramesia, huchukua kufa ndani ya rangi iitwayo akridini. Jaribio lilelile, dawa ileile, likampa majibu mawili yasiyofanana. Mwanafunzi mwingine angelifuta na kuanza upya. Raab akakumbuka kwamba mojawapo ya siku zile kulikuwa na dhoruba, maabara ikaingiwa na kiza. Tofauti ilikuwa ni mwanga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900, na miaka mitatu baadaye mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, pamoja na daktari wa ngozi Jesionek, walipaka rangi nyekundu ya eosini juu ya saratani za ngozi na kuzianika kwenye mwanga. Tappeiner na wenzake ndio waliobaini pia kwamba pasipo oksijeni hakitokei kitu.

Mwanga, rangi, oksijeni. Kwetu chungu hakiinjikwi kwa figa moja, wala mawili. Dawa ya tiba hii ya mwanga ikiwa gizani ni rangi tu iliyotulia mwilini. Mwanga mwekundu peke yake ni uvuguvugu usiomdhuru mtu. Oksijeni ndiyo pumzi yetu. Vikikutana vitatu, dawa huipokeza oksijeni ile nishati iliyoinasa, na oksijeni hubadilika hulka, huwa kali, hushika na kuharibu kila inachokigusa. Lakini maisha yake ni mafupi mno. Huisha kabla haijavuka upana wa seli moja. Hufia pale ilipozaliwa. Daktari hatumi sumu izunguke mwili mzima, nywele zidondoke na utumbo uchubuke, ili baadhi yake ifike penye ugonjwa. Huilaza dawa, kisha huchagua mahali pa kuiamshia. Mishipa ya damu inayoulisha uvimbe nayo huziba, na askari wa mwili huitwa na harufu ya kilichoungua.

Kuna tawi jingine la elimu hii ambalo ni la Afrika tangu zamani, nalo pia lilianzia kwenye madoa meupe. Bondeni mwa Nile huota mmea wa ukoo wa giligilani na karoti, wenye maua meupe madogo kama mwavuli. Wataalamu wanauita Ammi majus. Ibn al-Baytar, tabibu aliyezaliwa Málaga na kufia Dameski mwaka 1248, aliandika kuwa kabila moja la Waberberi lilikuwa na siri ya mbegu zake, zilizoitwa atrilali: mwenye mbalanga humeza unga wake, kisha huketi juani na madoa yake wazi hadi atoke jasho. Mahali palipopoteza rangi palianza kurudisha rangi. Miaka ya 1940 wanakemia wa Misri walitenga kiini cha mbegu hizo, cha jamii ya kemikali ziitwazo soraleni, na Abdel Monem El Mofty akakitumia kwa wagonjwa wake mjini Kairo.

Jamaa wa soraleni wamo kwenye ndimu. Yeyote aliyekamua ndimu nyingi za achari juani, akaamka kesho yake na mikono yenye malengelenge kisha mabaka meusi yasiyotoka kwa majuma, ameshaonja nguvu yao. Zenyewe hazitegemei sana figa la tatu. Hujipenyeza katikati ya vidato vya DNA, na miali ya urujuanimno ikizikuta humo huzifunga pande mbili za ngazi zisiachane tena. Seli isiyoweza kuachanisha ngazi hiyo haiwezi kugawanyika. Mwaka 1987 daktari Richard Edelson wa Marekani na wenzake walieleza walivyowatibu watu 37 wenye limfoma ya ngozi, saratani ya damu inayohamia kwenye ngozi, ambayo dawa nyingine zilikuwa zimeishindwa. Walimeza kiini cha ile mbegu ya Nile, damu yao ikatolewa kidogo kidogo, chembe nyeupe zikapitishwa mbele ya taa ya urujuanimno, kisha zikarudishwa mishipani. Ishirini na saba kati yao walipata nafuu. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaipitisha tiba hiyo. Nikifikiria Mberberi aliyeketi juani miaka mia saba na zaidi kabla, akigeuza mkono wake polepole ili doa lipate mwanga, naona mstari mmoja usiokatika.

Hata hivyo soraleni hiyohiyo, ikitumiwa na taa mara nyingi kwa miaka, yaweza kuzaa saratani ya ngozi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kwetu habari ya mmea unaotibu saratani husafiri haraka kuliko maelezo yake. Kumeza mbegu na kukaa juani si tiba ya saratani. Asiyejua kipimo cha dawa wala kipimo cha mwanga atafanya kile lantana ilichomfanyia ng'ombe wetu.

Aliyethibitisha hatari hiyo kwa mwili wake alikuwa Friedrich Meyer-Betz, daktari wa Ujerumani. Mwaka 1912 alijidunga miligramu 200 za hematoporfirini, rangi itokanayo na damu, akatoka nje. Uso wake ulivimba hadi macho yakafumba, na kwa zaidi ya miezi miwili jua lilikuwa adui yake. Inashangaza kwamba rangi ya damu ilimtenda mtu yale ambayo mabaki ya jani yaliwatenda kondoo, hadi uambiwe kwamba damu na jani ni ndugu. Hans Fischer, mkemia wa Munich aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, aliuchunguza umbijani na rangi ya damu akakuta kiunzi kimoja, pete kubwa iliyofumwa kwa pete ndogo nne. Katikati ya pete ya damu kuna chuma. Katikati ya pete ya jani kuna magnesi. Ukimwona ng'ombe akitafuna majani, unaona pete zikikutana na pete.

Miaka ya 1970 Thomas Dougherty, akifanya kazi katika kituo cha saratani cha Roswell Park huko Buffalo, aliifanya rangi ya damu kuwa dawa. Ilikuwa na tabia ya kukawia ndani ya uvimbe kuliko kwenye nyama nzima, na mwaka 1978 aliripoti kuhusu vivimbe 113 alivyovimulika kwa taa nyekundu. 111 vilisinyaa au kutoweka. Dawa hiyo, Photofrin, ilipata kibali Kanada mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu, na Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio, kwa wagonjwa ambao njia yao ya chakula imezibwa. Daktari hupitisha uzi mwembamba wa kioo kooni, huwasha leza kwenye ncha yake, na siku chache baadaye mtu humeza tena. Si kuponywa. Ni kumeza.

Mama mdogo alikuwa akikaanga samaki Sahare, Tanga, karibu na zinaposhushwa ngalawa. Kwanza alikataa ugali, akisema amechoka nao. Halafu akawa anakula wali kwa kuusukuma na maji. Halafu uji. Tulipokwenda hospitali, uji ulikuwa unarudi. Aliishi ndani ya mkanda wa saratani ya umio unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambamo watu wengi huugua kuliko karibu popote duniani. Sikujua hayo wakati ule, nilijua tu kwamba mwanamke aliyelisha mtaa mzima hawezi kumeza mate yake. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Niliposoma habari ya Photofrin nilifunga kitabu nikabaki nimekaa, nikimwona na bakuli.

Lakini nilikifungua tena, nikakuta sharti. Aliyedungwa dawa hii hukaa mbali na jua kwa siku 30 angalau, wengine zaidi, maana sehemu ya dawa hubaki ngozini. Tiba iliyobuniwa Munich na kukuzwa Buffalo, penye majira ya baridi na mawingu ya miezi, ingemdai mama mdogo nini? Nyumba yake ilikuwa ya makuti. Adhuhuri vitundu vya mwanga vilidondoka juu ya mkeka kama shilingi, vikasogea taratibu hadi ukutani. Maji yalikuwa bombani, hatua mia mbili juani. Karai la samaki lilikuwa juani. Riziki yake yote ilikuwa juani. Kwa muda nilidhani basi, tiba hii haikutungwa kwa ajili yetu.

Sasa sidhani hivyo. Watu wa pwani tunajua kuwekwa ndani. Mwari huwekwa ndani, akaletewa kila kitu na somo wake. Mzazi hukaa siku 40 na hakuna anayemwuliza nani atapika. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mtaa mzima hujipanga kumzunguka. Tunazo taratibu za zamu, tunajua nani alete maji, nani akae naye jioni, na tunajua kumtenga mtu pasipo kumfanya mpweke. Tena mgonjwa wa tiba ya mwanga hatakiwi kukaa gizani. Mwanga laini wa ndani ya nyumba huichakaza dawa iliyobaki ngozini kidogo kidogo, na ndivyo anavyoshauriwa. Daktari akieleza sharti hilo kwa lugha ya arobaini na ya eda, bibi yeyote wa Tanga atajua la kufanya kabla maelezo hayajaisha.

Na hapa ndipo jani linaporudi kutusaidia. Dawa zinazotokana na umbijani hunasa mwanga mwekundu kwa nguvu zaidi kuliko zile za damu, na hutoka mwilini mapema. Jambo hili la rangi ya mwanga lina uzito. Manjano yetu ya Unguja yana kurkumini, nayo huamshwa na mwanga wa bluu. Lakini bluu hukwama juujuu ya ngozi, ndiyo maana kurkumini hujaribiwa zaidi kwenye vidonda vya kinywani na vijidudu vya meno. Mwekundu ndio unaopenya nyama, milimita kadhaa, pengine sentimita. Haufiki mbali zaidi, na kwa hiyo saratani iliyokwisha kusambaa haitibiki kwa njia hii. Japani iliidhinisha talaporfini, mtoto wa umbijani, mwaka 2003 kwa saratani changa ya mapafu, na mwaka 2015 kwa saratani ya umio iliyobaki au kurudi baada ya mionzi na dawa. Kujificha jua kwake huhesabiwa kwa majuma mawili hivi, si kwa mwezi.

Umbijani wa kutengenezea dawa za ukoo huu mara nyingi hutolewa kwenye spirulina, kiumbe kidogo cha majini, kwa kuwa yenyewe ina aina moja tu ya umbijani, haihitaji kuchambuliwa na nyingine. Spirulina ndiyo chakula cha heroe wadogo wa Natron, Bogoria na Nakuru. Maziwa ya magadi yanayoonekana ya kijani kibichi mtu akiwa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa yamejaa hiyo. Nimesimama pale nikiwatazama heroe wameinamisha vichwa maelfu kwa maelfu, wakichuja dawa ambayo haijaamshwa.

Jani basi tunalo, na jua tunalo kupita kiasi. Tulichopungukiwa ni taa iliyopimwa, mtaalamu wa kuishika, na mgonjwa anayefika mapema. Taa si lazima iwe ya mamilioni. Tayyaba Hasan, Jonathan Celli na wenzao wa Marekani walitengeneza taa ndogo ya LED inayotumia betri, wakaipeleka Aligarh, India, kutibu saratani changa za kinywa kwa watafunaji wa tambuu na gutka, mchanganyiko wa tumbaku na popoo. Na tambuu hutafunwa Tanga, Unguja na Mombasa vilevile. Dawa waliyotumia ni ile ambayo miili yetu huanza nayo kutengeneza rangi ya damu, na mimea huanza nayo kutengeneza umbijani. Huko Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Profesa Tebello Nyokong ameyatoa maisha yake kwa ndugu wa kutengenezwa wa pete hizi, rangi za bluu zinazoamshwa na mwanga mwekundu. Alikulia milimani Lesotho, siku moja akienda shule, siku ya pili akichunga kondoo.

Mjomba alizungushia banda magunia. Bwana mifugo alikuwa ameagiza ng'ombe asitoke mchana na alishwe usiku, kwa hiyo kila baada ya isha tulishuka mtoni kukata nyasi za ukingoni, mimi nikiwa na tochi. Usiku wa kwanza kurudi bandani, nilipoona mwanga umeangukia doa lake lililochubuka, nilishtuka nikafunika kioo cha tochi kwa kiganja.

"Fungua mwanga, mwanangu, sioni ninapomwekea."

"Nitamchoma, mjomba."

"Tochi haichomi."

Sikuondoa mkono. Vidole vyangu vilikuwa vimegeuka vyekundu, vyote, hadi kwenye kucha, na kwa mwanga huo hafifu uliopita ndani ya nyama yangu tulimsikia, kisha tukamwona, akianza kula.